Mizani ya Hewa Ukaa: Deni Halilipwi kwa Bakshishi



Mbele yangu pana glasi ya maji ya chokaa. Chokaa yenyewe ni ile ile inayouzwa sokoni pamoja na tambuu. Ilikorogwa na maji mengi tangu jana, ikaachwa itulie, kisha yakachotwa maji ya juu yaliyotakata. Nimemwomba mwanafunzi mmoja apulize pumzi yake ndani ya glasi kwa mrija, polepole. Walio mbele wanaona: maji yameanza kuingia weupe, sasa yako kama maji yaliyooshewa mchele. Weupe huo ni jiwe. Ni chembe ndogo za kabonati ya kalisi, kitu kile kile kinachojenga matumbawe na maganda ya chaza. Pumzi ya kijana huyu ina hewa ukaa. Hewa ukaa imekutana na chokaa, na jiwe limezaliwa mbele ya macho yetu.

Aendelee kupuliza, tafadhali. Sehemu ya pili ya jaribio hili wengi hawajawahi kuiona, kwa sababu maji yakishageuka meupe mwalimu huandika jibu ubaoni na kipindi kinakwisha. Tukivumilia dakika kadhaa, weupe unapungua, na mwishowe maji yanatakata tena. Lile jiwe limeyeyuka. Hewa ukaa kidogo ililileta, na hewa ukaa ilipozidi imelila. Nawaomba mlishike jambo hili, maana bahari yetu imo katika hatua hiyo ya pili.

Watu wa pwani wameishi na kemia hii kwa karne nyingi bila kuiandika kwa alama. Waliojenga Kilwa Kisiwani, Gedi, Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja walipanga magogo kwa duara, wakarundika juu yake vipande vya matumbawe, wakatia moto. Tanuu likawaka mpaka mawe yakalegea. Kinachotokea ndani ya moto huo kinapimika. Kilo 100 za jiwe safi la chokaa zikiungua sawasawa zinabaki kilo 56. Kilo 44 zilizopotea ni hewa ukaa iliyokuwa imefungwa ndani ya jiwe, sasa imepanda angani. Kisha fundi anaizima chokaa kwa maji, anaichanganya na mchanga, anajengea. Ukuta nao, miaka inavyopita, unaivuta hewa ukaa kutoka angani na kuwa jiwe tena. Yule anayegusa ukuta wa Msikiti Mkuu wa Kilwa, mahali ambapo msafiri Ibn Battuta alipita mwaka 1331, anagusa hewa ukaa iliyotoka katika jiwe, ikazunguka angani, ikarudi katika jiwe. Hesabu ile ilikaribia kufungwa. Kilichotoka kilirudi, na miti iliyochomwa iliweza kuota tena.

Aliyeigundua hewa hii kwa njia ya kisayansi alikuwa Mskoti, Joseph Black, daktari na mwanakemia, na kazi yake ilichapishwa mwaka 1756. Chombo chake kikuu kilikuwa mizani. Alichoma magnesia na mawe ya chokaa, akapima kabla na baada, akaona uzito umepungua, akakataa kusema kuwa umepotea hivi hivi. Aliufuata uzito ule mpaka akautambua kuwa ni hewa ya aina yake, tofauti na hewa tunayoivuta, na kwamba hata sisi huitoa puani. Black huyo huyo alikuwa rafiki wa James Watt, na alimkopesha fedha wakati Watt anahangaika na injini yake ya mvuke. Mtu aliyeipima hewa ukaa kwanza alimsaidia mtu ambaye mashine yake ingekuja kuimwaga angani kwa mamilioni ya tani. Wala hakuna hata mmoja wao aliyejua.

Nawaomba mkae na mizani hiyo ya Black, kwa sababu bila uzito mjadala wa tabianchi unageuka kuwa maneno ya huruma. Chukueni lita moja ya petroli. Uzito wake ni kama gramu 750. Ikiungua ndani ya injini ya bodaboda hutoa hewa ukaa kilo 2.3 hivi. Wanafunzi huniuliza kila mwaka: kitu kinawezaje kutoa uzito unaozidi uzito wake mara tatu? Jibu ni oksijeni. Atomu ya kaboni ina uzito wa 12. Inapoungua inazikamata atomu mbili za oksijeni zilizo angani, kila moja 16, na jumla inakuwa 44. Kila tani ya kaboni inayochomwa inakuwa tani 3.67 za hewa ukaa. Bomba la moshi halionyeshi kitu, lakini mzigo umo.

Mzigo huo unaletaje joto? Hapa nitapita haraka. Hewa yetu kwa sehemu kubwa ni naitrojeni, asilimia 78, na oksijeni, asilimia 21. Molekuli za gesi hizo mbili zina atomu mbili zinazofanana, na miali ya joto inayotoka ardhini huzipita bila kuzitikisa. Hewa ukaa ina atomu tatu katika mstari, na mstari huo hupinda na kunyooka kwa mwendo unaolingana na miali ya joto ya ardhi. Kwa hiyo huimeza miali hiyo na kuirudisha pande zote, chini ikiwamo. Mmarekani Eunice Foote alitia gesi mbalimbali katika mitungi ya kioo, akaiweka juani, na mwaka 1856 ikatangazwa kuwa ule wenye hewa ukaa ulipata joto kuliko mingine. John Tyndall wa Ireland akapima kwa vyombo bora zaidi kuanzia mwaka 1859. Mwaka 1896 Msweden Svante Arrhenius akakaa na kalamu na karatasi akakadiria dunia itapata joto kiasi gani hewa ukaa ikiongezeka maradufu. Basi msikubali mtu awaambie kuwa haya ni mambo ya juzi. Arrhenius aliyaandika wakati reli ya Uganda ndiyo kwanza inaanza kutandikwa kutoka Mombasa.

Mwaka 1958 Charles David Keeling alianza kuipima hewa ukaa juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii. Alikuta kama sehemu 315 katika kila sehemu milioni za hewa. Kabla ya viwanda zilikuwa kama 280. Leo zimepita 420. Barafu ya Antaktika, ambayo ndani yake mmenaswa viputo vya hewa ya zamani, inaonyesha kuwa katika miaka 800,000 kabla ya viwanda kiwango hakikupita 300 hivi.

Kuna anayesema: huenda ziada hii imetoka katika volkano, au baharini. Swali ni la haki, na jibu lake ndilo ninalolipenda kuliko yote katika somo hili. Kaboni ina aina yenye unururifu, kaboni-14, ambayo hupungua nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi. Miti inayo, sisi tunayo, hewa inayo. Makaa ya mawe na mafuta yamekaa chini ya ardhi mamilioni ya miaka, na kaboni-14 yao imekwisha kabisa. Mwaka 1955 Hans Suess alionyesha kuwa kaboni-14 ya angani ilikuwa inazimuliwa na kaboni isiyo nayo. Hewa ukaa ya viwandani ina alama ya kule ilikotoka, na alama hiyo haifutiki kwa kukanusha.

Sasa nirudi baharini. Karibu robo ya hewa ukaa tunayoitoa kila mwaka inaingia katika bahari. Ikikutana na maji inakuwa asidi dhaifu, na asidi hiyo inazila zile chembe za kabonati ambazo matumbawe na chaza huzihitaji ili kujenga. Kipimo cha pH cha maji ya juu ya bahari kimeshuka kutoka kama 8.2 hadi 8.1. Pengo linaonekana dogo kwa sababu kipimo chenyewe kimejengwa kwa vipeo vya kumi. Maana yake ni kwamba ioni za haidrojeni, ndizo zinazoleta uasidi, zimeongezeka kwa kadiri ya asilimia 30. Bahari bado haijawa asidi. Inaelekea huko, na inakwenda kasi kuliko viumbe wake wanavyoweza kuzoea.

Joto nalo linafanya kazi yake. Mwaka 1998, El Niño ilipokutana na bahari iliyokwisha kupata joto, matumbawe ya pwani ya Afrika Mashariki yaliwafukuza vijimwani wanaoishi ndani yake na kuyalisha, yakabaki meupe, na sehemu kubwa yakafa. Mvuvi wa changu na tasi hahitaji kuelezwa maana ya mwamba uliokufa. Wala wanawake wanaolima mwani Paje na Jambiani hawahitaji kuelezwa joto la maji. Kilimo cha mwani cha biashara kilipoanza Unguja mwaka 1989, mwani mnene ndio uliokuwa na bei nzuri. Mwani huo hauvumilii maji yakipata moto sana. Matawi hugeuka meupe, hulainika, hukatika. Wakulima wengi wamelazimika kubaki na mwani mwembamba, unaostahimili zaidi lakini unanunuliwa kwa bei ya chini. Kwa mama anayefunga mbegu za mwani kwenye kamba, maji yamemfika magotini, tofauti ile ya bei inatoka katika sukari na daftari za nyumbani kwake.

Sitasema kwamba kila badiliko limetokana na joto hili peke yake. Barafu ya Kilimanjaro, kwa mfano, imepungua sana tangu mwaka 1912, lakini kupungua kwake kuna sababu zaidi ya moja, ukavu wa hewa ukiwamo. Anayedai haki lazima awe mwaminifu kwa hesabu, hata pale hesabu isipompa kila anachotaka.

Mlima huo, hata hivyo, unanipeleka katika nusu ya pili ya mhadhara wangu. Wapagazi wa Kilimanjaro wanabeba mahema, vyakula, meza, hata viti vya wageni. Mzigo wa mpagazi una kikomo cha kilo 20, na hupimwa kwa mizani langoni. Siku ya mwisho, baada ya kushuka, wageni na watumishi wao hukusanyika, wimbo huimbwa, shukrani hutolewa, na bahasha za bakshishi hukabidhiwa. Mzigo ulipimwa kwa kilo. Bahasha haipimwi na mtu.

Siisemi vibaya bakshishi. Ni desturi ya ukarimu. Mgeni aliyeridhika anaongeza kitu juu ya ujira, na moyo wa aliyehudumia unafurahi. Ubaya unaanza pale bakshishi inaposhika nafasi ya ujira, na mwenye kampuni akajua kuwa mgeni atalipa asicholipa yeye. Marekani wanaijua historia hii kwa uchungu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865, kampuni ya mabehewa ya kulala ya Pullman iliwaajiri watu weusi waliotoka utumwani, ikawalipa mshahara mdogo, ikawaachia waishi kwa bakshishi za abiria. Kazi ilikuwa na saa zake, behewa lilikuwa na nauli yake, lakini chakula cha watoto wa mhudumu kilitegemea tabasamu lake na hali ya moyo ya abiria. Walianzisha chama chao mwaka 1925 chini ya A. Philip Randolph, na ilichukua mpaka mwaka 1937 kupata mkataba. Hata leo, katika sheria ya taifa ya nchi hiyo, mwajiri wa mtu anayepokea bakshishi anaweza kumlipa dola 2.13 tu kwa saa, bakshishi ikijazia hadi kima cha chini cha kawaida. Kiwango hicho hakijabadilika tangu mwaka 1991.

Tazameni bakshishi ina sifa gani. Kiasi anaamua mtoaji. Wakati anaamua mtoaji. Isipotolewa, hakuna mahakama ya kwenda. Na ikitolewa, mpokeaji ndiye anayeshukuru.

Fedha za tabianchi, kama zinavyotolewa leo, zina sifa hizo hizo. Mwaka 2009 huko Copenhagen nchi tajiri ziliahidi kufikisha dola bilioni 100 kila mwaka ifikapo mwaka 2020. Kwa hesabu za jumuiya yao wenyewe ya nchi zilizoendelea, kiwango hicho kilifikiwa mwaka 2022, na sehemu kubwa yake ilikuwa mikopo. Bilioni 100 haikutokana na kupima madhara yoyote. Ilikuwa namba iliyokubalika mezani. Mwaka 2015 huko Paris, walipokubaliana kifungu cha hasara na uharibifu, waliandika katika aya ya 51 ya uamuzi wao kwamba kifungu hicho hakileti msingi wa dhima wala fidia. Mfuko wa hasara na uharibifu ulikubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022, na ukaanza kupokea ahadi Dubai mwaka uliofuata. Zote ni ahadi za hiari. Atakayetoa atatoa, asiyetaka ataketi.

Nami nasema, kama mwalimu wa kemia, kwamba jambo hili si la hiari, kwa kuwa kila tani ina uzito, ina tarehe na ina mahali ilikotoka. Vitabu vya makaa ya mawe vya Uingereza vipo tangu karne ya 18. Tunajua kuwa Marekani peke yake imetoa kama robo ya hewa ukaa yote iliyotokana na mafuta, gesi, makaa ya mawe na saruji, na kwamba bara zima la Afrika limetoa kama asilimia 3. Tena hewa ukaa si kama moshi wa jikoni unaoondoka upepo ukivuma. Sehemu yake kubwa inafyonzwa na bahari na mimea, lakini sehemu nyingine inabaki angani kwa karne nyingi, na kiasi fulani kwa maelfu ya miaka. Tani iliyotoka Manchester mwaka 1850 bado ina sehemu yake juu ya vichwa vyetu. Kitu kinachopimika, kinachojulikana kimetoka kwa nani, na kilichomdhuru mtu mwingine, kwa watu wote ninaowajua kinaitwa deni.

Kuna malipo ya namna nyingine ambayo sipendi yachanganywe na deni. Katika ghuba ya Gazi, kaunti ya Kwale, wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanatunza mikoko chini ya mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013 na uliokuwa wa kwanza duniani kuuza hewa ukaa iliyohifadhiwa na mikoko. Fedha zake zimeleta maji na kusaidia shule. Nausifu mradi huo kwa moyo wote: watu wamefanya kazi, wamelipwa, kijiji kimeamua matumizi. Huo ni ujira. Lakini anayenunua tani za mikoko asidhani amefuta tani za makaa ya mawe. Kaboni ya mikoko inaweza kurudi angani siku msitu ukikatwa. Kaboni ya makaa ya mawe ilikuwa imetulia chini ya ardhi mamilioni ya miaka, na ikishatolewa inabaki katika mzunguko wa hewa, maji na miti kwa muda usiolinganishwa na umri wa mti. Mizani ya mwaka mmoja inalingana, mizani ya karne hailingani.

Mtaniuliza: na sisi je? Tunakata misitu kwa mkaa, tunachoma mapori, na katika nchi zetu nyingi hewa ukaa itokayo ardhini kwa kukata miti inazidi ile ya magari. Ni kweli. Deni hilo ni letu na wa kulilipa ni sisi, kwa kupanda, na kwa kuwapatia mama zetu gesi au umeme wa kupikia wanaoumudu. Kuna na jingine linaloniuma zaidi. Fedha zinazofika kwa jina la tabianchi mara nyingi huishia katika semina, na mkulima wa mwani husikia habari zake redioni. Anayedai hesabu kwa wakubwa wa dunia lazima akubali kuulizwa hesabu na wadogo wa kijijini kwake.

Nimalizie na ninyi wanafunzi. Mwaka 2019 wanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini, huko Vanuatu, walianza kampeni ya kulipeleka suala hili katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Vanuatu, yenye watu wachache kuliko wilaya nyingi za kwetu, ililibeba mpaka Umoja wa Mataifa. Tarehe 23 Julai 2025 majaji wote kwa pamoja walitoa maoni yao: nchi zina wajibu wa kisheria kulinda mfumo wa tabianchi, na nchi inayovunja wajibu huo inaweza kutakiwa kulipa fidia kamili, uhusiano kati ya kosa na madhara ukionyeshwa. Maoni hayo hayamfungi mtu kama hukumu inavyofunga. Lakini mlango umefunguliwa, na ufunguo wake ni kuuonyesha uhusiano huo. Kazi hiyo ni ya kupima pH ya maji ya Menai na Mnemba, Unguja, mwaka baada ya mwaka, kuandika joto la mabwawa ya mwani, kuhesabu matumbawe yaliyokufa na yaliyorudi. Wapimaji wetu ni wachache mno. Basi msiiache kemia mkifika kidato cha tatu. Njooni maabara, mjifunze kupima, na hesabu hiyo muiandike ninyi.